Bakuli Sio Nyumba

Kuna uongo mmoja nataka tuuzike leo, na tukimaliza tuuwekee jiwe juu usifufuke: eti samaki hukua kulingana na chombo chake. Eti ukimweka kwenye bakuli dogo atabaki mdogo, ukimpa tangi kubwa ndo ataongezeka. Ukienda kununua samaki utaambiwa hivyo. Binamu yako atakwambia hivyo. Kuna wasee wana wafuasi laki mbili wanakwambia hivyo kwenye klipu, bakuli liko mezani, taa ya zambarau nyuma, mziki laini, na samaki ndani anazunguka kama mtu aliyefungiwa kwenye lifti.

Wadau, samaki hajui kipimo cha bakuli lako. Mpango wake wa kukua alizaliwa nao. Kinachotokea ni kwamba anakula, anapumua na anajisaidia ndani ya maji yale yale. Uchafu wake mwingi hutoka kama amonia, na sehemu kubwa hupitia kwenye matamvua anapopumua. Kwenye mto amonia hiyo inaenda zake. Kwenye bakuli la lita 5 inarudi kwake. Inamchoma matamvua, inamkosesha hamu ya kula, inamdumaza. Mwengine uti wa mgongo unapinda. Alafu anakufa baada ya miezi michache, na mwenye bakuli anasema, "Hawa samaki hawaishi sana."

Msimamo wangu ni huu, na sitaupunguza: nyumba ya samaki unaijenga kwa kipimo cha samaki mzima atakayekuwa, sio yule mdogo uliyemwona dukani. Kama huwezi kuijenga, usimnunue. Na sisi wa Malindi, Watamu na Kilifi hatuna kisingizio cha "akwariamu ni ya matajiri", kwa sababu vitu vya kujengea viko hapa, mafundi wako hapa, na kufuga samaki nyumbani sio jambo geni Pwani.

Najua kuna mtu atauliza mimi ni nani niwafundishe. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo iligoma. Sina cheti cha uvuvi wala cha uhandisi. Nilicho nacho ni birika la lita 800 nyuma ya nyumba ya mamangu, na samaki mmoja anayeitwa Mheshimiwa. Nimempa jina hilo kwa sababu anakula kila kinachopita mbele yake, hataki mwengine kwenye eneo lake, na ukimkaribia anakuja mbio kukusalimu akidhani umeleta kitu.

Mheshimiwa ni oska, samaki ambaye asili yake ni mto Amazon huko Amerika Kusini. Dukani oska anauzwa akiwa na urefu wa kidole, sentimita 5 hivi, ana michoro mizuri, anatingisha mkia, unampenda pale pale. Ambacho huambiwi ni kwamba mwaka wa kwanza anaweza kuongeza zaidi ya sentimita 2 kila mwezi. Akiwa mzima anafika sentimita 30. Chukua rula ya shule uiangalie: huyo ndiye samaki wako. Na akitunzwa anaweza kuishi zaidi ya miaka 10. Yaani unanunua samaki ukiwa kidato cha nne, anakuona ukioa.

Usicheke wewe mwenye samaki wa dhahabu, eti wako ni mdogo. Samaki wa dhahabu wa kawaida akitunzwa vizuri anapita sentimita 20. Huko Uingereza kulikuwa na mmoja aliyeitwa Tish, alikufa mwaka 1999 akiwa na miaka 43. Miaka 43, buda! Wengi wetu wenyewe hatujafika umri huo. Sasa wewe unamweka kwenye bakuli la saladi.

Huyu wangu hakununuliwa na mimi. Binamu yangu alipata kazi Nairobi, na samaki alikuwa ameshafika sentimita 12 kwenye tangi la lita 40. Mpango wa familia ulikuwa rahisi: akatupwe Sabaki, "akawe huru." Nikawaambia mleteni huku. Hiyo habari ya uhuru nitaifikia, kwa sababu ndiyo inaniuma kuliko zote.

Lakini kwanza twende Lamu kidogo.

Kwenye nyumba za mawe za zamani kule Lamu, bafuni kulikuwa na birika, yaani tangi la mawe na chokaa la kuwekea maji ya kuoga. Maji yaliyotulia kwenye joto la Pwani ni kualika mbu. Kwa hiyo wazee walitia samaki wadogo mle ndani, kazi yao kula viluwiluwi vya mbu. Samaki wa nyumbani, wenye kazi maalum, kabla ya stima, kabla ya pampu, kabla ya mtu yeyote kutuuzia kitu kinaitwa akwariamu.

Sehemu inayonimaliza mimi ni hii. Chini sakafuni mwa birika walijengea bakuli la kaure, ile ya China iliyokuja na majahazi. La nini? Maji yakipungua au birika likimwagwa kusafishwa, samaki wabaki na kidimbwi cha kukimbilia mpaka maji yarudi. Umeona akili hiyo? Mtu anajenga bafu lake na anafikiria: siku maji yakiisha, hawa samaki watakuwa wapi?

Kwa hiyo bakuli lilikuwepo. Ila lilikuwa mahali pa dharura, pa saa chache, ndani ya birika kubwa. Sisi tumetoa birika tukabakisha bakuli, na tunaita maendeleo.

Na tusiseme ni mambo ya zamani. Waitaliano, ambao Malindi tunawajua mpaka vijana wa ufukweni wanaongea Kiitaliano kushinda Kiingereza, wameliona hili pia. Mwaka 2005 mji wa Roma uliweka sheria ya kupiga marufuku mabakuli ya duara ya kufugia samaki. Roma, mji mzima, ulikaa ukajadili bakuli. Sisi hatuhitaji kanjo aje kutupiga faini ndipo tufikirie.

Haya, tujenge. Naeleza na sababu, ili usije ukaniga tu bila kuelewa.

Anza na samaki mzima. Oska wa sentimita 30 lazima aweze kugeuka bila kukunja mkia, kwa hiyo upana usipungue sentimita 45, na ukiweza fanya 60. Wafugaji wengi wa oska wanakubaliana kwamba chini ya lita 280 hivi usijaribu. Kwa kipimo tunachokijua, hiyo ni mitungi 14 ya lita 20. Kwa samaki mmoja.

Kama unaishi kwenye chumba cha kupanga na huna ua, chaguo lako ni kioo. Hapo sikiliza vizuri, kwa sababu watu wanaumia. Tangi la sentimita 120 kwa 50 kwa 50 lina lita 300, na lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo ni kilo 300 kabla hujahesabu kioo. Kioo kirefu cha mbele peke yake kinasukumwa na maji kwa nguvu ya kama kilo 150. Hesabu yake unaweza kuifanya na simu. Kioo cha dirisha cha milimita 4 hakitakupa hata salamu, kitapasuka usiku wa manane na maji yataingia kwa jirani. Kwa kipimo hicho mwambie fundi wa vioo akukatie milimita 10. Silikoni iwe ile safi inayonuka siki ikikauka, sio ya bafuni yenye dawa ya kuua ukungu, hiyo dawa itamuua samaki. Ukishaunganisha, acha wiki nzima ikauke, kisha jaza maji bila samaki ulaze siku kadhaa uone kama linavuja. Kiti chake wape mafundi wa jua kali wachomelee chuma. Na usiliweke juu ya meza ya runinga, tafadhali.

Mimi nina ua, na kioo kinene ni ghali, kwa hiyo nilirudi kwa wazee: birika. Mjomba wangu ni fundi wa ujenzi, na kulikuwa na mawe ya kukatwa, haya ya matumbawe ya kale tunayojengea nyumba huku, yaliyobaki kwa jirani. Nilipomchorea vipimo, ndani mita 2 kwa sentimita 80, kina sentimita 60, aliniangalia kisha akaniuliza, "Wee mwanangu, hapa anakuja kukaa samaki au ng'ombe?"

"Samaki, mjomba. Mmoja."

Akacheka mpaka akakaa chini. Lakini alijenga, na kazi yake ni safi. Sakafu ya zege yenye wavu wa chuma ndani, kwa sababu maji yakijaa mpaka sentimita 50 ni kilo 800 zimekaa mahali pamoja. Kuta za mawe, na kila ukuta mrefu unabeba msukumo wa kama kilo 250. Plasta ya saruji imechanganywa na ile dawa ya kuzuia maji inayouzwa hadweya. Pembe zote amezizungusha, zisiwe kali, ili uchafu usijifiche na samaki asijichune. Sakafu inainama kidogo upande mmoja, na huko chini kuna bomba lenye koki. Hiyo koki ndiyo kitu cha maana kuliko vyote. Bila koki utakuwa unachota maji machafu kwa ndoo kila wiki, utachoka, utaacha, na samaki ndiye atalipa.

Na ndiyo, kwenye sakafu tumejengea bakuli. Sio la China, ni karai la plastiki la sokoni. Koki ikivuja usiku, Mheshimiwa ana pa kusubiri mpaka asubuhi.

Juu ya birika kuna nusu makuti, nusu wavu. Makuti ni ya jua. Wavu ni wa mambo matatu: oska anaruka, paka wa mtaani kwetu hawana adabu, na kunguru wa Malindi mnawajua wenyewe.

Jumla ya saruji, chuma, bomba na dawa haikufika bei ya simu nyingi mnazosomea hapa. Mawe nilipewa, na mjomba nililipa kwa kumbebea mchanga siku tatu na kumtengenezea video za kazi zake. Wewe utakuwa na mjomba mwengine na malipo mengine. Ninachosema ni kwamba hela ya kioo cha kifahari sio sharti.

Sasa hapa ndo wengi huharibu: birika likikauka wanatia samaki kesho yake. Saruji mpya inatoa chokaa kwenye maji, na maji yanakuwa makali kiasi cha kumuunguza samaki. Unajaza, unaacha siku kadhaa, unamwaga, unasugua, unajaza tena. Mimi nilirudia mara nne, zaidi ya mwezi mzima, mara moja nikasugua kuta kwa siki. Usitumie macho kuamua. Nunua vile vikaratasi vya kupimia ukali wa maji, vipime mpaka vitulie.

Muda huo wote Mheshimiwa alikaa kwenye pipa la buluu la lita 210 lililokuwa limebeba juisi, nikimbadilishia maji kila siku ya pili. Ukitafuta pipa kama hilo uliza lilikuwa na nini. Lililobeba kemikali hata ulioshe mara mia usiliguse.

Baada ya saruji kuna subira nyingine, na hii ndiyo siri ya mchezo mzima. Maji safi kwa macho sio maji salama. Kuna bakteria wanaokula amonia na kuigeuza kuwa nitriti, ambayo bado ni sumu. Kuna wengine wanageuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki anaivumilia kwa kiasi. Bakteria hawa hawauzwi kwa kibanda, wanakuja wenyewe, lakini wanachukua wiki 4 mpaka 6 kujaa. Wanapenda mahali pa kujishikiza na maji yanayopita. Hiyo ndiyo filta. Filta sio chujio la takataka tu, ni mtaa wa bakteria.

Yangu ni ndoo mbili za lita 20 zilizokaa juu ya ukuta. Pampu ndogo inasukuma maji toka birikani, yanapita ndoo ya kwanza yenye sponji, kisha ya pili iliyojaa vifuniko vya plastiki vya chupa za soda, mamia, alafu yanaanguka tena birikani. Vifuniko niliokota na watoto wa mtaa baada ya harusi mbili. Yale maji yanapoanguka yanachanganya hewa pia. Ukisafisha sponji, isuuze kwenye maji ya birika lenyewe, sio ya mfereji. Klorini ya mfereji itaua mtaa mzima wa bakteria, na utarudi mwanzo.

Stima? Pampu yangu ni ya wati 25. Ikiwaka saa 24 inakula yuniti 0.6, yaani yuniti 18 kwa mwezi. Mamangu alinionyesha karatasi ya tokeni akaniuliza nani analipa. Nalipa mimi. Na kwa sababu stima hupotea, nina kipampu kidogo cha hewa cha betri pembeni. Ikipotea usiku, hapo hapo kinawashwa.

Joto ndilo linataka akili huku kwetu. Wasee wa Nairobi wananunua hita za kupasha maji, sisi hatuhitaji, hiyo ni faida yetu. Lakini maji ya moto hubeba hewa kidogo. Kwa nyuzi 20 lita moja ya maji inashika oksijeni kama miligramu 9. Kwa nyuzi 30 inashuka mpaka saba na nusu. Kwa hiyo mwezi wa tatu, jua likiwa la Machi kweli kweli, samaki anahitaji kivuli na maji yanayochezacheza. Ukiona amepanda juu anahema mdomo wazi, hasalimii mtu. Anakosa pumzi.

Na maji yenyewe? Ya mfereji yana klorini, yaache wazi kwenye pipa siku moja au mbili kabla ya kuyatumia. Ya kisima chetu yamepita kwenye mawe ya matumbawe, ni mazito, na kwengine yana chumvichumvi. Sasa jua likikausha birika, maji yanaondoka lakini chumvi inabaki. Ukiongeza ya kisima juu yake, umeongeza chumvi nyingine. Fanya hivyo miezi mitatu bila kumwaga na utakuwa umefungua shamba la chumvi kama yale ya Gongoni. Suluhisho: mwaga kwanza, kisha jaza, na ukipata ya mvua kinga yote.

Hapa nataka tuongee kwa ukweli, kwa sababu swali hili huulizwa na ni swali la haki. Kuna nyumba nyingi Kilifi hii wanatembea na mitungi kutafuta maji. Nitakaaje na lita 800 kwa ajili ya samaki?

Jibu langu lina sehemu mbili. Ya kwanza: kama kwenu maji mnanunua kwa mtungi, usifuge samaki mkubwa. Sio kwamba huruhusiwi, ni kwamba siku maji yakipanda bei mtaanza kuchagua kati ya samaki na kuoga, na tunajua nani atashindwa. Ya pili: maji ya samaki hayapotei. Kila wiki natoa kama lita 160, mitungi 8, na yote yanapita kwenye koki kwenda kwenye mchicha, migomba na miche miwili ya mnazi. Yale maji yana nitrati, na nitrati ni mbolea. Mchicha wa mamangu ulikuwa unamwagiliwa na maji ya kisima hata kabla ya Mheshimiwa. Sasa unamwagiliwa na yale yale, yakiwa yamepitia kwa samaki kwanza. Huo ndo mpango ninaouita wa haki. Kama maji yako machafu yanaishia barabarani mbele ya nyumba ya mtu, bado hujamaliza kujenga.

Sasa turudi kwenye ule uhuru.

Mtu samaki wake akishinda tangi, anafanya nini? Wengi hawamuui. Wana huruma. Wanambeba kwenye ndoo mpaka darajani Sabaki, au wengine mpaka jeti ya Malindi, wanamwachilia, wanarekodi, wanaandika "rudi nyumbani rafiki." Na watu wanaweka vimoyo.

Tukianza na jeti: oska na samaki wa dhahabu ni wa maji baridi. Baharini hawarudi nyumbani, wanakufa kwa chumvi. Hiyo klipu ni ya mazishi, ila mwenye kurekodi hajui.

Sabaki ni mbaya zaidi, kwa sababu huko anaweza kuishi. Mto ule una wenyewe. Kuna tilapia wa asili ya mito yetu hii, kuna kambale, kuna watu wanaowavua wakala. Ukiingiza mgeni mwenye mdomo mkubwa, anayelinda mayai yake na makinda yake kama oska, hujamsaidia mtu. Oska walioachiliwa Florida, Marekani, wamezaana mpaka sasa ni wa kuvuliwa kama samaki wa huko. Na sisi Afrika Mashariki ndio tusingefaa kufundishwa somo hili: sangara aliingizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 mamia ya aina za furu walikuwa wamepotea au wako karibu kupotea. Walioingiza nao walikuwa na sababu nzuri midomoni.

Inakwenda na upande wa pili pia. Yule samaki wa mapezi marefu yenye sumu na mistari myekundu, unayemwona ukipiga mbizi Watamu, huku ana wanaomzuia. Ndugu zake walipelekwa kwenye akwariamu za Marekani. Mwaka 1985 mmoja alionekana baharini Florida, na leo wamejaa Karibiani wanamaliza samaki wadogo wa miamba ya huko. Inaaminika walitoka kwenye matangi ya watu. Watu wenye huruma, kama sisi.

Kwa hiyo ukishindwa, mrudishe kwa muuzaji, mpe mwenye birika, tangaza. Sabaki hapana. Na wala usifikirie njia ya mkato kwamba utaenda mwambani kuchukua samaki wa rangi na kipande cha matumbawe cha kupamba. Hifadhi za baharini za Malindi na Watamu zimekuwepo tangu mwaka 1968, kutoa kitu mle ni kosa la sheria, na samaki wa chumvi ni kazi ngumu mara tano ya hii niliyoeleza.

Kuna anayesema nachukulia samaki serious sana, kwamba mtaani kuna watu hawana nyumba na mimi namjengea samaki. Nakubali watu hawana nyumba. Lakini hakuna mtu aliyelazimishwa kufuga samaki. Huyu mnyama hakuomba kutoka Amazon kuja Malindi. Tumemleta sisi, kwa raha zetu, kwa klipu zetu. Ukimleta kiumbe kwa raha yako, gharama yake ni yako, na gharama hiyo inajulikana mapema. Sentimita 30. Miaka 10. Lita 280. Hakuna cha kushtukiza hapo.

Na wauzaji, nyinyi pia. Kibandiko kidogo tu kwenye tangi: "Huyu atafika hapa", na mstari wa urefu. Mtapoteza wateja wachache, lakini watakaobaki watanunua chakula kwenu miaka 10 badala ya samaki mpya kila miezi mitatu. Nyinyi ndo mnajua biashara, pigeni hesabu.

Kwa wewe unayetaka kuanza wiki hii, kazi yako ya kwanza haina gharama. Tafuta jina la samaki unayemtaka na urefu wake akiwa mzima. Chukua chaki, chora sakafuni sanduku lenye urefu mara nne ya huyo samaki na upana mara mbili. Simama ndani yake. Uliza kama kwenu kuna nafasi hiyo, maji hayo, na yuniti hizo, kwa miaka yote atakayoishi. Kama jibu ni ndiyo, mtafute fundi. Kama ni hapana, kuna samaki wa sentimita 3 wanaoishi vizuri kwenye lita 40 zenye filta, na ni wazuri wa kutazama kama hao wakubwa.

Bakuli rudisha jikoni, litiwe pilau.